Mikono Mitatu ya Asali

Jumatatu, 9 Machi

Mwanangu aliondoka jana na mvua imeingia leo, kana kwamba walipeana zamu. Kabla hajatoka aliniwekea daftari hili mezani. "Baba, andika kila anachokula mke wangu. Kila kitu, hata biskuti. Nikirudi nitasoma." Yeye ni mwendesha winchi kwenye bwawa linalojengwa mbali huko, na winchi haimsubiri mtu. Atarudi mvua zikiisha.

Basi nimefanya hivi. Mbele ya daftari namwandikia yeye. Kisha nimeligeuza juu chini, na huku nyuma najiandikia mwenyewe.

Kule mbele leo kuna mistari miwili tu: maji ya ndimu, nusu kikombe, yametapikwa; biskuti kavu, moja, imekaa tumboni.

Mkwe wangu ana mimba ya wiki tisa, na pua yake imekuwa kitu cha kuogopwa. Anasikia sabuni ya jirani kupitia ukutani. Asubuhi alisimama mlangoni kwangu, upindo wa gauni puani, akaniuliza kama nina kopo la rangi lililo wazi. Kopo lenyewe nililifunga miaka miwili iliyopita, liko stoo chini ya magunia. Nesi wa kliniki amemwambia bila kuzunguka: ana kilo arobaini na tisa; zikishuka chini ya arobaini na saba atalazwa, na mtoto atakuwa hatarini. Hilo ndilo jambo la msimu huu, mengine yote ni porojo.

Sasa niseme la kwangu, maana huku nyuma hasomi mtu. Mimi sisikii harufu. Nimechora vibao vya maduka miaka arobaini na moja, ndani ya karakana yenye dirisha moja, na thina na tapentaini zilinila pua polepole mpaka siku moja nikagundua haipo. Ulimi unanijulisha chumvi, ukali wa ndimu na utamu, basi. Aliyejua ni marehemu mke wangu peke yake. Alikuwa akipita nyuma yangu ananong'ona, "Badili shati," nami nabadili. Tangu alipofariki najifanya. Nikipewa ua nalinusa, natikisa kichwa, nasema mm.

Mwanangu akijua, hataniachia jiko la gesi, sembuse mkewe. Ameshasema: nikishindwa, shangazi wa mkewe atakuja kumchukua. Nami nilikaa miaka minne peke yangu katika nyumba hii nikisikiliza bomba likidondoka, kabla hawajahamia kwangu. Sitaki aende. Nimelisema.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Biskuti mbili, zote zimekaa.

Jumamosi, 14 Machi

Leo nimejaribu uji. Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikitazama vioo vya dirisha vikifunga ukungu, nikaanza kuandika herufi kwa kidole kama zamani, herufi kubwa zenye kivuli upande wa kulia. Nilikuwa nimefika mbali kweli, sijui wapi, sauti iliponifikia kutoka chumbani. "Baba, kitu kinaungua."

Kitu kilikuwa kimeshaungua kitambo. Chini ya sufuria palikuwa na lami, na jikoni kulijaa moshi ambao mimi niliuona kama ukungu wa mvua. Nilimwambia uji ukishika kidogo chini ndio mtamu, ndivyo nilivyolelewa. Tayari alikuwa anatapika.

Jumapili, 15 Machi

Mwanangu amepiga simu. "Anakula?" Nikamwambia anakula kidogo kidogo. "Na wewe mzee, unamudu?" Nikamwambia mtu aliyeandika jina la benki ghorofa ya tano akining'inia kwa kamba atashindwaje na sufuria. Alicheka. Mimi sikucheka sana.

Jumanne, 17 Machi

Mchana nililala. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na katika usingizi nikasikia harufu ya vitunguu. Ndotoni pua yangu huwa nzima. Nilisimama katika chumba kisicho na kuta, mke wangu amenipa mgongo akikaanga kitu nisichokiona, na ile harufu ikanipanda mpaka machoni. Niliamka nina machozi, na chumba hakina harufu yoyote, kama siku zote. Nikabaki nimelala nikijaribu kuikumbuka, na kadiri nilivyoikumbuka ndivyo ilivyozidi kwenda. Nilimkumbuka mke wangu sana mchana huu.

Nilipoinuka nikaanza kupekua kabati la juu bila sababu ya maana, na humo nikakuta trei ya oveni. Ni zawadi ya harusi yao, haijatolewa hata kwenye kadibodi yake. Herufi za kadibodi ile ni aibu tupu, M imeinama kama inaumwa mgongo. Lakini picha niliitazama muda mrefu. Samaki mzima anang'aa, pembeni yake karoti, viazi na maharage mabichi, vyote vimelala pamoja kwenye trei moja. Nyuma kuna maelezo, mistari sita: changanya asali, ndimu na tangawizi, paka, oka.

Mng'aro ule naujua. Ule ni vanishi. Na hakuna sufuria inayotoa mvuke hapo, kila kitu kinafungiwa nyuma ya mlango wa chuma. Mtu mwenye pua kali angehitaji hasa kitu cha namna hiyo.

Alhamisi, 19 Machi

Mambo yameenda mrama. Asali niliipaka kwa brashi yangu ya inchi moja, ile laini ya kumalizia herufi. Niliiosha kwa sabuni mara tatu, nikailamba kuhakikisha. Haikuwa na ladha yoyote. Trei haikumaliza dakika tano ndani ya oveni.

"Baba, nani anapaka rangi?"

"Jirani, mwanangu. Anapaka geti."

"Kwenye mvua hii?"

Akatapika hata biskuti ya asubuhi. Samaki nilimla mwenyewe, na jioni nzima nimecheua kitu kinachochoma koo. Brashi ile ina umri wa miaka kumi na tisa, na rangi ya miaka yote hiyo ilikuwa imeiweka akiba kwa ajili yangu.

Ijumaa, 20 Machi

Nimenunua brashi ya jikoni. Biskuti tatu, chai ya rangi, imekaa nusu.

Jumamosi, 21 Machi

Nataka kuiandika siku hii polepole.

Muuza samaki wa pale kona, mama mmoja mwenye aproni ndefu mpaka kwenye viatu, alinipa vipande viwili vya mnofu mnene, akanisogezea puani kama anavyofanya kwa wateja wote. Nikanusa, nikasema mm. Akaridhika.

Nyumbani nilianza na viazi, maana viazi ni vizito vya kuelewa. Nikavitia mafuta na chumvi, nikavipa dakika ishirini peke yao. Kisha karoti, nimezikata mshazari, zote unene mmoja, jicho langu bado lina rula ndani. Kisha samaki katikati na maharage mabichi kandokando. Kadibodi inasema asali ipakwe mara moja. Aliyeandika hivyo hajawahi kumaliza kibao. Vanishi ukiimwaga yote kwa pamoja inakimbilia pembeni na katikati panabaki pakavu. Unapaka mkono wa kwanza mwembamba, unausubiri ukamate. Mkono wa pili unakwenda kinyume na wa kwanza. Mkono wa tatu ni wa mwanga tu, brashi karibu kavu. Nilifungua oveni mara tatu, nikafunga mara tatu, taulo lenye maji likiwa limeziba chini ya mlango wa jikoni.

Nesi alisema chakula kilichopoa hakisumbui pua. Nikaiacha trei dirishani mpaka ikawa vuguvugu, kisha nikampelekea kibarazani, alikokuwa amekaa upepo unakotoka. Nikaweka sahani kwenye stuli na kujifanya natazama mfereji.

"Hii imeng'aa kama kiatu cha shule," akasema.

"Basi kula kiatu, mwanangu."

Alichukua karoti moja kwa vidole. Akaizungusha. Akala. Mvua ilikuwa nyembamba, inashuka wima, na mtaa wote ulikuwa umeyeyuka nyuma yake, milango, nyaya za umeme, gari la mtu. Akachukua karoti nyingine. Halafu akavunja kona ya samaki, ndogo kama ukucha, akaitafuna akitazama mvua, na mimi nikatazama mvua ile ile.

Alikula karoti zote, viazi vitatu na nusu ya samaki. Nimeandika kule mbele kwa herufi kubwa. Vyote vimekaa.

Jumanne, 24 Machi

Samaki tena. Amemaliza.

Ijumaa, 27 Machi

Samaki, boga badala ya viazi. Boga lilitoa maji likaharibu mkono wa kwanza. Amekula hata hivyo, akasema kiatu kimelowa.

Jumatano, 1 Aprili

Kliniki. Kilo arobaini na tisa na nusu. Nesi aliuliza tunampa nini, mkwe wangu akamwambia, "Muulize fundi wangu." Njia nzima ya kurudi nilikanyaga madimbwi bila kuyaona.

Jumanne, 7 Aprili

Siku zimeanza kufanana na sijali. Asubuhi soko, mchana usingizi, jioni trei. Nikilala naota harufu, nikiamka nakata karoti. Wakati mwingine sijui ni lipi kati ya hayo mawili ninalolifanya.

Zamani nilimwona binti huyu mkavu kidogo. Ni mpima ardhi. Anaongea kama anasoma namba kutoka kwenye kile chombo chake cha miguu mitatu. Niliwahi kumwambia mke wangu kwamba kijana wetu ameoa rula. Sasa jioni ananisimulia kazi yake, jinsi watu wawili waliogombana miaka kumi kwa ajili ya hatua moja ya ardhi wanavyonyamaza yeye akisimika kigingi. Anasema wanamwamini kwa sababu hamjui yeyote kati yao na hana anachotaka. Anasimulia macho yamefumba, miguu juu ya stuli, na sauti yake inaingia ndani ya mvua na kutoka.

Leo amenikamata pabaya. "Baba, hebu niambie inanukiaje. Pua yangu haina adabu siku hizi, inaniletea mabaya matupu. Niambie inavyonukia kwa mtu mzima."

Nikaitazama trei. Nikamwambia kile ninachokijua.

"Mkono wa kwanza wa asali ni manjano changa, haijatiwa kitu. Wa pili umeingiwa na nyekundu kidogo. Wa tatu ni kama ile rangi ya mlango wa zamani uliopigwa jua asubuhi. Ndimu inapita juu, nyembamba, kama mstari wa chokaa."

"Endelea."

"Karoti ziko chini, ni joto tu. Maharage ni kivuli cha kijani upande wa kulia."

Alitabasamu macho yakiwa yamefumba bado. Akasema sasa anaisikia. Nilijisikia vizuri kuliko ninavyostahili, na nimeona aibu, na nikiulizwa tena kesho nitamwambia tena.

Jumapili, 12 Aprili

Mwanangu kwenye simu: "Mke wangu anasema unampikia kwa pua kama ya mpishi wa hoteli." Nikasema mm.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua ya radi. Umeme umekatika tangu asubuhi. Nilikuwa nimenunua samaki wa wiki nzima, wamo kwenye friza.

Ijumaa, 17 Aprili

Umeme haujarudi. Mkwe ana mafua. Chai na mkate.

Jumapili, 19 Aprili

Naandikia kwenye benchi la hospitali, daftari gotini.

Jana mchana umeme ulirudi. Nilifungua friza, nikatoa vipande viwili. Vilikuwa vimelainika halafu vikaanza kuganda tena juu juu. Nilivishika, nikavitazama kwenye mwanga wa dirisha. Rangi ilikuwa imefifia kidogo, lakini rangi ya kila kitu hufifia kwenye mvua. Nikavisogeza puani. Kwa nini nilivisogeza puani, jikoni hamna mtu? Mazoea ya uongo yanamfuata mtu hata akiwa peke yake.

Ndipo mkwe wangu akatokea mlangoni. Hajaingia jikoni tangu mwezi wa pili. Pua nyekundu, leso mkononi, uso umechangamka kama mwanafunzi aliyefunga shule. "Baba, sisikii chochote. Pua imeziba kabisa. Leo naweza kukaa hapa." Akavuta kigoda. Akakata karoti mwenyewe, moja nene moja nyembamba, sikumwambia kitu. Akashika brashi akapaka mkono wa pili, akanipaka na mimi tone la asali kwenye kidevu. Nje palikuwa na ule mwanga wa maziwa unaokuja mvua inapopumua, na jikoni kulikuwa na joto, na nikafikiri hivi ndivyo nyumba inavyotakiwa kuwa.

Tulikula moto moto, kutoka kwenye trei, bila sahani. Alikula kipande chake chote na nusu ya changu. Alisema hajawahi kula vizuri hivyo tangu aolewe. Nyumba nzima haikuwa na pua hata moja, na tulicheka sana.

Saa kumi na moja jioni alianza kutapika. Haikuwa ile ya kila siku. Alijikunja sakafuni akishika tumbo, akiniita, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeinama juu ya ndoo. Jirani wa geti alitupakia kwenye gari lake. Kwenye kiti cha nyuma aliniegemea begani, mwili unawaka, akirudia neno moja tu: mtoto.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka. Akauliza tulikula nini, samaki alikaa wapi, umeme ulikatika siku ngapi. Kisha, "Samaki wa hivyo ananuka. Hamkusikia?"

Mkwe wangu, amelala na dripu mkononi, midomo imekauka, akajibu kabla yangu. "Mimi nina mafua. Ila Baba hunusa kila kitu kabla hajapika. Yeye hakosei."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Mdomo ulikuwa wangu, na sikuufungua.

Walimpima mtoto kwa kile kifaa cha kuweka tumboni. Kilikwaruza muda mrefu kama redio isiyopata stesheni. Halafu ikaja, mbio mbio, moyo mdogo una haraka zake. Mkwe wangu akageuza uso ukutani akalia. Mimi nilitoka nje nikasimama mvuani.

Leo asubuhi wamempima. Kilo arobaini na sita.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimemwambia.

Nilingoja nesi atoke. Nikavuta kiti karibu, nikakaa nikitazama matone ya dripu. Nikasema, "Mwanangu, mimi sisikii harufu. Miaka kumi na tano sasa. Yule samaki sikumnusa. Sijawahi kumnusa yeyote."

Akayatazama matone na yeye.

"Uji ulioungua?"

"Sikuusikia."

"Ile rangi ya jirani?"

"Ilikuwa brashi yangu."

"Na zile rangi ulizokuwa unaniambia kibarazani? Manjano, mlango wa zamani?"

"Zilikuwa rangi. Nilikwambia nilichokiona."

Akanitazama kwa yale macho ya kazini. "Mimi kazi yangu ni kuwaonyesha watu mpaka wao uko wapi. Wanajenga nyumba juu ya neno langu. Wewe ulinipa kipimo cha uongo, Baba, na mimi nikamweka mtoto wangu juu yake." Hakupandisha sauti. "Ungesema tu. Ningekunusia."

Kisha akageukia ukuta. Nilikaa hapo mpaka muda wa wageni ukaisha, na hakugeuka.

Jioni nimempigia mwanangu, nikamwambia yote bila kujitetea. Akasema shangazi atakuja na gari Jumapili ya wiki ijayo, tarehe tatu, kumchukua.

Alhamisi, 23 Aprili

Amerudi nyumbani, kwa sharti apimwe kliniki kila wiki. Anasema, "Asante, Baba," nikimletea maji. Anasema, "Hapana, asante, Baba," nikimletea kingine chochote.

Jumamosi, 25 Aprili

Biskuti mbili. Mafua yamemwisha, pua imerudi na ukali wake wote. Trei nimeisugua nikairudisha kabati la juu.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua inachoka. Inanyesha bila nia, inaacha, inasahau, inarudi. Nikilala mchana siko tena katika kile chumba kisicho na kuta. Naota vibao vitupu, vyeupe, vimepangwa mtaa mzima, nami sikumbuki niandike nini.

Leo nimesikia akiongea na mumewe kwa simu, mlango umerudishiwa. Alisema, "Hapana, sina hasira naye tena. Sijui tu nile nini." Nimekaa na maneno hayo siku nzima.

Alhamisi, 30 Aprili

Kliniki. Arobaini na sita na robo. Nesi amesema ikifika wiki ijayo bila kupanda, analazwa tena. Amefunga sanduku lake nusu, liko wazi juu ya kitanda.

Jumamosi, 2 Mei

Shangazi anakuja kesho.

Asubuhi nilitoka bila mwavuli. Kwa muuza samaki kulikuwa na foleni ya watu wanne. Zamu yangu ilipofika akanisogezea samaki puani kama kawaida, na mimi nikamwambia, mbele ya watu wote, "Mama, usijisumbue. Pua yangu imekufa. Nionyeshe kwa macho."

Mzee aliyekuwa nyuma yangu alicheka. Mama hakucheka. Alifuta mikono kwenye aproni, akarudisha vile vipande vya mnofu, akatoa samaki wazima. "Kipande kitakudanganya. Chukua mwenye kichwa. Tazama jicho, limejaa au limezama? Fungua shavu, ni jekundu au la kahawia? Bonyeza hapa, panarudi?" Alinifanya nirudie kwa kila samaki aliyekuwa mezani, kama mtoto wa darasa la kwanza, na foleni ikangoja. Nilichukua wawili wadogo. Sikujua nawachukua kwa ajili ya nani.

Nyumbani niliteremsha trei. Nikakata viazi, nikakata karoti. Nikachanganya asali na ndimu na tangawizi. Samaki nikawalaza kwenye ubao chini ya dirisha. Jicho limejaa. Shavu jekundu. Nikabonyeza, pakarudi. Nikabonyeza tena. Nikawasha kiberiti, nikakizima. Sikuweza. Macho yangu yalikuwa yameona kila kitu nilichoagizwa kuona, na sikuyaamini. Nilisimama hapo, brashi mkononi, sijui kwa muda gani, mvua ikidondoka kutoka kwenye ukingo wa bati, tone moja, halafu jingine.

"Baba."

Alikuwa mlangoni. Lile taulo la kuziba mlango nilikuwa nimesahau kuliweka.

"Naam, mwanangu."

"Unasubiri nini?"

"Nimefanya kama nilivyofundishwa. Wanaonekana wazima. Zaidi ya hapo sijui."

Alitazama ubao. Alikuwa amekunja mikono, na nikaona uso wake ulivyoanza kupoteza rangi kwa kule kusimama tu. Nikamwambia arudi kibarazani, nitatupa kila kitu, nitampa biskuti, shangazi atafika kesho.

"Shangazi nimempigia asubuhi," akasema. "Nimemwambia kama anakuja, aje kula, si kunichukua."

Akaingia. Alipita kando ya meza akijishikilia kwa vidole, akafika kwenye ubao. Akamwinua samaki wa kwanza kwa mikono miwili. Akafunua shavu lake kwa kidole gumba, akainamisha uso, akavuta pumzi. Hakuvuta ya haraka kama mtu anayeogopa. Aliivuta ndefu, mpaka mwisho, kama anavyosoma chombo chake.

Alimrudisha samaki taratibu kwenye ubao, akakimbilia sinki. Alitapika kwa muda mrefu, na kwa vile hakuwa amekula kitu, yalitoka maji matupu. Nilimshika mgongo. Nilitaka kusema mengi na nikasema pole, pole, pole. Akafungua bomba, akasukutua, akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Mzima," akasema. "Ametoka majini jana au leo."

"Basi inatosha. Nenda ukakae. Nitampika huyu mmoja."

"Umenunua wangapi?"

"Wawili."

"Wa pili wa nani?"

Nilitazama chini. "Wangu."

Alishika ukingo wa sinki, akatulia, akakusanya pumzi. Kisha akanyoosha mkono.

"Mlete," akasema.